Malkia Nyuma ya Ua Wangu

Msomaji, kama umekuwa nami tangu mwanzo wa mkasa huu, unajua kwamba mume wangu Gharib aliangukiwa na tanuu la chokaa akafa, nami nikaingia eda kabla ndoa yetu haijatimiza mwaka. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza, hayo yanakutosha. Ongeza hili tu: ndugu yake Gharib, Bwana Jeilani, alirudi kutoka Mombasa alikokuwa akihudumia meza za hoteli, akaapa mbele ya watu kwamba atawaleta wazungu kutembea Mikinduni.

Mikinduni! Kitongoji cha kisiwani Amu, nyuma ya Langoni, ambako watu wa Mkomani wakipita huziba pua. Wao wana majumba ya mawe na milango ya nakshi. Sisi tuna moshi wa matanuu, punda, na shimo la makumbi ya nazi linalonuka hadi ukilala unaliota.

Watu walimcheka. Kisha wazungu wakaja.

Tanuu bovu likaitwa ngome ya Wareno. Shimo la makumbi likaitwa hodhi alimokoga malkia. Bibi mmoja wa kizungu alitia mkono mle, akanusa vidole, akasema bila shaka ni dawa. Nami katika gazeti lililopita niliwaacha nyinyi wasomaji pale wageni walipouliza: malkia kama alikoga hapa, alizikwa wapi?

Jeilani akanyosha kidole nyuma ya ua wangu.

Kwetu jeneza likitoka, wanawake hubaki ndani. Huambiwi zaidi ya "tumemzika." Lakini ua wangu wa makuti una tundu, na makaburi ya Mikinduni yako nyuma yake. Siku ya mazishi nililia huku jicho moja liko tunduni. Nilimwona Gharib akiteremshwa. Niliona mwanandani wake, lile shimo dogo la kumlaza maiti, ulivyochimbwa upande wa kibla. Nilimwona Athman, mume wa jirani yangu Mahfudha, akisimika jiwe la kichwani.

Kidole cha Jeilani kilielekea jiwe hilo.

Asubuhi ya pili Mahfudha aliniletea uji, uso wake unang'aa.

"Shoga, umesikia? Malkia kapata jina. Aitwa Mwana Shirazi."

"Kampa nani?"

"Shemejiyo. Alikuwa aoga, bibi we, aoga maziwa! Akafa kwa huba ya nahodha. Yule mzee wa kizungu mwenye magoti mekundu alitokwa na machozi."

"Mahfudha, aliyelala pale ni Gharib."

Alicheka. Alipoona sicheki, akaweka bakuli chini.

"Najua. Mikinduni nzima yajua. Lakini Gharib apungukiwa na nini? Wazungu wapiga picha, wenda zao. Athman wangu alikuwa hana kazi tangu matanuu yazimwe, leo ni mlinzi wa ngome. Kapewa na kofia nyekundu."

"Na mama yake Gharib?"

"Bi Khairiya kaonyeshwa kaburi jengine, kule ukutani mwa msikiti. Husoma Yasini yake pale, roho yake imetulia. Nawe tulia, mwanamke. Maliza eda yako."

Tulia. Neno hilo nimelimeza tangu nivishwe nguo nyeupe. Kula, tulia. Lala, tulia. Mumeo kageuzwa mwanamke wa Kishirazi aogae maziwa, tulia.

Nilitulia. Nilikaa kwenye kigoda changu nikatazama tunduni.

Nilimwona Athman, na kofia yake nyekundu, akilipaka kaburi chokaa. Chokaa ya wapi? Ya tanuu lile lile. Mzigo wa mwisho aliouchoma Gharib kwa mikono yake, uliomwangukia, ndio uliokorogwa ndani ya ndoo ukapakwa juu yake. Wakatia bendera nyeupe. Wakatia chetezo. Jeilani akasimama mbali, akainamisha kichwa upande huu na upande huu, kama mtu anayenunua kitanda.

"Ongeza kichwani," akasema. "Malkia huyu, si mpishi."

Wenziwe wakacheka. Wote walikuwa wamelibeba jeneza la Gharib. Namjua kila mmoja.

Laiti uongo ule ungebaki kwa wazungu! Lakini kaburi jeupe lenye bendera, kwetu halipitwi hivi hivi. Mpita njia haulizi ni nani. Huinua mikono akaomba. Mara nikasikia wanawake wametoka Mbwajumwali kwa mashua kuja kumzuru Mwana Shirazi. Mara kuna kiziwi asiyesikia, kafika pale kasikia. Mara mke wa fulani kashika mimba. Waliotunga uongo ule walikuwa wanaume wetu, na walioula walikuwa mama zetu.

Halafu, alasiri moja, nikaweka jicho tunduni nikamwona mavyaa wangu.

Bi Khairiya alikuwa anatoka Langoni na mkongojo wake, mguu ule mbovu unaburura mchanga. Aliyemshika mkono ni Jeilani. Mwanawe huyo, wa tumbo lake! Alimwongoza taratibu, akamtandikia mkeka, akamsaidia kupiga magoti.

Mama akaweka kisahani cha halwa juu ya chokaa.

"Ewe mja wa Mngu," akasema, "mimi ni mwanamke mzima, sina nguvu. Niombee kwa Mola. Mwanangu Gharib kafa na moto, hakupata hata kutamka shahada. Niombee asibanwe na kaburi lake. Kaburi lake li mbali na mimi, na ndia siiwezi kila siku."

Kaburi lake li mbali! Magoti ya mama yalikuwa juu ya kifua cha mwanawe.

Jeilani, na miwani myeusi aliyopewa na mgeni, akaitikia:

"Amin."

Niliuma kanga mpaka nikasikia ladha ya damu.

Jua halijatua Jeilani alipiga hodi kwangu. Shemeji haonani na mwanamke wa eda. Alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia.

"Shemeji, hujambo? Wahitaji kitu?"

"Nahitaji umwambie mama ukweli."

Akacheka kidogo, kile kicheko alichokitoa hotelini.

"Ukweli upi? Shemeji, nisikize. Malindi wana ufuo. Mkomani wana majumba. Sisi tulikuwa na nini? Harufu! Mgeni anashuka melini, anauliza, kuna nini cha kuona? Ungemwonyesha nini wewe, punda wa Athman?"

"Ningemwonyesha punda wa Athman. Yule angalau ni punda kweli."

"Una mdomo. Gharib alikuwa akikusifu kwa upole."

"Usimtaje."

"Ni ndugu yangu kabla hajawa mume wako. Aliishi kama moshi, hakuna aliyemjua. Leo watu wanavuka bahari kuja kumsimamia kaburini. Ni heshima hiyo."

"Wanamsimamia nani, Bwana Jeilani? Gharib, au mwanamke wa maziwa?"

Akasema kile kilichomleta.

"Kesho alasiri tunaanza msingi wa kuba juu ya kaburi. Kuna wageni wa meli, nataka waone kazi inaanza. Patakuwa na vumbi. Funika vyombo vyako."

Nilisogea karibu na pazia.

"Msingi utapita wapi?"

"Pande zote nne. Kuba ni kuba."

"Upande wa kibla ndiko uliko mwanandani wake. Ardhi ile ni mwamba, kaburi lenyewe halikwenda chini. Mtamkata, Jeilani! Mtamkata ndugu yako na jembe!"

Pazia likatikisika. Nadhani alisimama.

"Wewe umejuaje mwanandani uko wapi?"

Nikageuka nikatazama tundu la ua.

"Mwanamke wa eda. Waume wanazika, jicho lako lilikuwa wapi?" Sauti yake ilikuwa laini kama samli. "Nyumba hii ni ya mama. Akisikia mkwewe hachungi eda, anatazama waume makaburini, utatoka humu na mkeka wako kwapani. Na wa kwenu walikwisha kufa. Funika vyombo, shemeji."

Akaenda zake. Nikamwita Mahfudha, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia aende Langoni, amwambie Bi Khairiya aje kwangu kesho asubuhi, asikose, ni jambo la Gharib.

"Nitakwenda," akasema.

"Wallahi?"

"Wallahi, shoga."

Asubuhi mama hakuja. Adhuhuri hakuja. Alipokuja Mahfudha nilimuuliza, akasema kakuta mlango umefungwa. Alikuwa akinena na nguzo ya nyumba, si mimi.

Baada ya sala ya alasiri nikasikia viatu. Wazungu hukanyaga kwa kishindo, hata mchangani. Nikaweka jicho tunduni. Walikuwa kundi zima, na kofia zao, na kamera zimewaning'inia vifuani. Waume wa Mikinduni walikuwapo wote, wengine wana madafu, wengine wana mikeka ya kuuza. Wanawake walisimama kando. Na mbele yao, juu ya mkeka, mama, na msahafu wake ndani ya mfuko wa kitambaa, amekuja kumsomea Mwana Shirazi kabla ya kazi kuanza.

Kumbe Jeilani alimwendea mwenyewe. Mlango wa Langoni kwake haukuwa umefungwa.

Athman alivua kofia nyekundu, akashika jembe. Akasimama upande wa kibla, mahali penyewe hasa. Akasema bismillahi.

Sikufikiri tena. Au nilifikiri sana siku zote zile na siku ile fikira zikaisha. Nilijitanda kanga nyeupe mpaka machoni, nikafungua mlango wa uani, nikavuka kizingiti.

Mtu asikwambie ni hatua ndogo ile.

"Athman! Weka jembe!"

Wanawake wakapiga ukelele. Mmoja akasema, "Mzimu!" Waume wakageuza nyuso, si kwa hofu ya Mngu, kwa haya. Wazungu je? Waliinua kamera zao. Ka, ka, ka.

Jeilani hakutetereka. Nawaambia, mtu yule angeweza kuuza moto jahanamu. Aligeuka kwa wageni, akaninyoshea mkono kama anayewaonyesha bidhaa, akasema maneno ya Kizungu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, Kizungu changu hakivuki salamu. Lakini neno la malkia nalijua, na neno la mtumishi nalijua. Nikaelewa: mimi ndiye mtumishi wa malkia, navaa nyeupe maisha yangu yote, nalinda kaburi.

Wakapiga makofi.

Nilitoka nyumbani nivunje mchezo wake, kumbe nimeingia ndani ya mchezo.

"Mama!" nikalia. "Mama, hapa hapana malkia! Hapa pana Gharib! Umepiga magoti juu ya mwanao!"

Bi Khairiya aliinuka na mkongojo wake. Nilitazamia atamgeukia Jeilani. Alinigeukia mimi, akaniita kwa jina.

"Mwanamkisi. Umetoka nde? Na eda ya mwanangu?"

"Mama, nisikize..."

"Wamekuona waume wote hawa? Na makafiri na zioo zao za picha?"

"Mama, watamchimbua! Nilimwona akizikwa, niliona kwa macho yangu!"

Jeilani akashusha sauti. "Mama, huzuni imemzidi. Kafiwa mapema. Msamehe."

Mama akatutazama mmoja mmoja. Kisha akawageukia waume.

"Nyinyi ndinyi muliomzika mwanangu. Semani. Gharib alele wapi?"

Msomaji, walikuwa waume wazima, wenye ndevu, wenye kuswali safu ya mbele. Mmoja alitazama madafu yake. Mmoja akaanza kukunja mkeka. Mama akamshika Athman kwa jicho.

"Athman, una mato ya kuonea. Sema."

"Bi Khairiya," akasema Athman, jasho linamtiririka, "siku ile moshi ulikuwa mwingi."

Moshi! Watu walimzika mtu adhuhuri, jua liko utosini, na huyu aliyesimika jiwe anasema moshi!

Mama alitoa msahafu mfukoni.

"Haya. Mngu ataamua, kwani wanaadamu hamna faida. Jeilani, ndoo hapa, ushike msahafu uape."

Nikasema moyoni: hapa amekwisha. Hakuna mtoto wa Amu ashikae msahafu kwa uongo. Tumelelewa na hadithi za waliopinda midomo, waliopofuka, waliokatika ulimi. Nilimtazama nione anavyotetemeka.

Aliomba maji. Akatawadha mbele ya watu wote, taratibu, mikono, uso, mpaka vifundo vya miguu, kama anayekwenda kuswali Idi. Wazungu wakampiga picha. Akaweka mkono juu ya msahafu.

"Naapa kwa kitabu hiki, aliyezikwa hapa si ndugu yangu Gharib."

Nikangoja.

Hakuanguka. Hakukohoa hata.

Watu wakashusha pumzi. Mama akanielekezea msahafu mimi.

"Sasa wewe. Shika useme uliloliona, nami nitakuamini kuliko mwanangu wa tumbo. Nakuapia."

Alikuwa ananipa kila kitu. Kaburi la mume wangu, jina langu, nyumba ninayolala. Kilichohitajika ni kiganja tu.

Nami sikuweza kukinyosha.

Siku ile sikulisema, na leo nalisema gazetini, anayetaka kucheka na acheke. Nilikuwa siswali. Yalikuwa yamenijia yale yanayomjia mwanamke kila mwezi, tangu alfajiri, na mwanamke wa hali ile msahafu haugusi. Jeilani aligusa na uongo mdomoni kwa sababu miguu yake ilikuwa safi. Mimi niliyebeba ukweli nilikuwa sina twahara. Ningesemaje? Mbele ya waume wale wote? Mbele ya shemeji yangu?

"Mama, nitaapa kwa ulimi. Wallahi, billahi..."

"Wallahi ya ulimi iko sokoni, kwa wauza samaki. Shika."

"Mama, siwezi."

"Huwezi?"

"Siwezi leo."

Minong'ono ikaanza. *Huyo! Aogopa! Angekuwa mkweli angeshika.* Jeilani alivua miwani yake myeusi, akanitazama, na nikaona ameshangaa. Hata yeye hakutarajia bahati ile.

Nikamtafuta Mahfudha kati ya wanawake. Yeye alijua. Siku ile ile ndiye aliyeniletea vitambaa. Angemsogelea Bi Khairiya, amnong'oneze neno moja sikioni, mwanamke kwa mwanamke, na mambo yangegeuka. Macho yetu yakakutana. Nikamwomba kwa macho, Mngu ni shahidi wangu, nikamsihi.

Alipiga hatua moja. Akafungua kinywa.

Athman akageuka akamtazama.

Mahfudha akavuta ukaya akajifunika uso.

Mama akaurudisha msahafu mfukoni. Alipokuwa na hasira sikumwogopa. Nilimwogopa sasa, kwani hasira ilikuwa imeisha.

"Kazi na iendelee," akasema. "Na wewe, ukimaliza kutazamwa, kakunje mkeka wako."

Jeilani akalichukua jembe mikononi mwa Athman. Hakulitumia. Aliinama kidogo, kama alivyofundishwa hotelini, akampa yule bibi aliyenusa vidole, aliyerudi na wageni wa meli, apige pigo la kwanza kwa heshima. Bibi akacheka. Akavua kofia akamshikisha mwenziwe. Wengine wakasogea nyuma wapate kumpiga picha vizuri.

Akainua jembe. Upande wa kibla.

Nikalala.

Nilijinyosha palepale, juu ya mwanandani wa mume wangu, uso juu, nguo zangu nyeupe ndani ya chokaa. Jembe lilibaki angani, na bibi yule akamtazama Jeilani, kuuliza.

Jeilani alitabasamu. Akamwambia maneno machache ya Kizungu, polepole, yenye adabu; nikalisikia tena neno la mtumishi.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akakaza mikono yake kwenye mpini.